Meza Yenye Kizibo

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi mbaya. Tangazo limebandikwa ndani ya lifti, usawa wa macho yangu. Ukaguzi wa uimara wa jengo, kwa mujibu wa sheria. Ijumaa hii! Jengo letu limezeeka na liko ufukweni, kwa hiyo injinia atakuja kuligonga-gonga kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa. Wenye nyumba wote tuondoe kwenye roshani zetu viti, vyungu, baiskeli na "vitu vingine vyovyote." Chini yake sahihi ya mwenyekiti wetu wa wenye nyumba, Osvaldo Piñeiro, imejikunja kama mkia wa kinyonga.

"Vitu vingine vyovyote." Hapo nimelengwa mimi, Irwin Zelnick, muuza magodoro mstaafu kutoka New Jersey, mkazi wa ghorofa ya saba.

Maana kwenye roshani yangu kuna beseni la kuogea. La chuma, la kizamani, lenye miguu kama ya simba. Nililipata hoteli moja ilipobomolewa. Limejaa udongo, mbolea na nyanya. Nyanya hasa! Kila moja kama ngumi ya bondia. Florida nzima hawana nyanya, wana mipira myekundu. Zangu nazimwagilia asubuhi, mchana na jioni. Maji yanayozidi yanakwenda yanakotaka.

Yanakotaka ni kwa Osvaldo, ghorofa ya sita, chini yangu kabisa. Daktari wa meno mstaafu, mzaliwa wa Havana, bingwa wa domino kwa maneno yake mwenyewe, sauti kama tarumbeta. Anasema kwamba katika jimbo zima yeye peke yake ndiye anayenyeshewa kwa ratiba. Anasema kahawa yake ina ladha ya mbolea. Muongo. Mbolea yangu haina ladha.

Rochelle, mke wangu, kasema niliondoe beseni leo leo. Nikamwambia jengo hili ni mlima. Akaniuliza kama nimelisahau lile jengo la ufukweni lililoanguka watu wakiwa wamelala. Sijalisahau. Hapa hakuna aliyelisahau.

Kisha nikaenda kumwagilia.

Jumanne, 11 Machi

Mpango wa kwanza: sheria. Sheria inapigwa kwa sheria. Nimeshuka kwa Osvaldo nikiwa nimevaa koti, licha ya joto. Nimemweleza kwamba ukaguzi unategemea umri wa jengo, na umri wa jengo unapaswa kuhesabiwa tangu siku lilipokamilika, na jengo lisilo na lifti inayofanya kazi halijakamilika.

Osvaldo akafikiri. Akasema nina hoja. Akasema tukihesabu tangu siku lifti ilipofanya kazi vizuri, basi jengo bado halijazaliwa, na sisi sote tunaishi hewani. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikapanda kwa ngazi. Lifti ilikuwa imekwama.

Mpango wa pili: maneno. Mchana nikaenda kwenye bwawa la kuogelea, wanakokaa kina mama wenye kofia kubwa. Nikawanong'oneza, kwa masikitiko makubwa, kwamba injinia anayekuja ni mpwa wa Osvaldo. Nikategemea kelele. Upendeleo! Ufisadi! Nikategemea ukaguzi uahirishwe mpaka msimu ujao na mwenyekiti ajiuzulu.

Jioni habari zimezunguka jengo zima na kurudi kwangu zikiwa zimevaa nguo nyingine. Eti Osvaldo kamsomesha mpwa wake yatima hadi akawa injinia. Eti ndiyo maana hakuwahi kununua gari jipya. Bibi Fefferman wa ghorofa ya nne, ambaye hajawahi kunipa hata salamu kamili, kampelekea keki ya jibini. Rochelle kaniuliza kama nilijua Osvaldo ana moyo wa namna ile. Nikasema sikujua.

Keki ile naipenda sana.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeliona jengo letu kwa darubini nikiwa kwenye maegesho ya magari. Nia yangu ilikuwa njema: nione roshani yangu inaonekanaje kutoka chini. Inaonekana vibaya. Kwenye tumbo la roshani, yaani dari ya roshani ya Osvaldo, kuna ufa. Ufa wenye michirizi ya kahawia, kama chai iliyomwagika. Pembeni zege limevimba kama mkate.

Nikashusha darubini haraka. Si kwa hofu! Kwa ajili ya Ijumaa.

Mpango wa tatu, na huu ni wa akili. Nimegonga kwa Osvaldo nikiwa na ngazi, brashi na tabasamu. Nimemwambia nimekuwa jirani mbaya. Nimemwambia maji yangu yameharibu rangi ya dari yake na dhamiri inanisuta. Nimeomba niipake upya kwa mikono yangu mwenyewe.

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyelewa asubuhi. Akaniuliza daktari kaniambia nini. Akaniuliza nimebakiwa na muda gani wa kuishi. Nikamhakikishia kuwa mimi mzima. Basi akafurahi kuliko nilivyotaka. Akaniletea kahawa kwenye kikombe kidogo, nyeusi, tamu, ya kuamsha maiti. Akaniwekea muziki. Akasema tangu marehemu mkewe Zoraida aondoke hakuna mtu aliyeingia kwake na brashi. Akakaa kwenye kiti chake cha kusukasuka, pale pale chini ya ufa anapokaa kila siku, akaanza kunisimulia habari za meno ya watu mashuhuri.

Nikamwomba akae ndani, rangi isimdondokee. Nikafanya kazi peke yangu. Vipande vilivyolegea nikavibandua kwa bisibisi. Vilitoka vingi mno, sijui kwa nini. Ndani kulikuwa na nondo zenye kutu nene kama gome la mti. Nikaziba na plasta ya ukutani. Plasta ikaisha, shimo likabaki. Nikaingia msalani kwake kunawa, na huko nikakuta maboksi ya dawa ya meno yenye harufu ya mnanaa, zile za bure ambazo watengenezaji walikuwa wakimgawia enzi za kazi. Nyeupe. Nzito. Inakauka.

Nikatumia maboksi yote. Juu yake rangi. Dari ikawa kama ya hoteli!

Osvaldo alipotoka alisimama akaitazama dari kwa muda mrefu, akavuta hewa puani. Akasema nyumba yote inanukia vizuri leo. Kisha akanikumbatia. Nilihisi vibaya kidogo, hapa chini ya mbavu. Pengine ni kahawa.

Alhamisi, 13 Machi

Beseni halisogei. Nimelisukuma kwa mgongo. Nimelisukuma kwa miguu. Nimeliwekea mafuta ya kupikia chini ya nyayo za simba, nikaanguka mimi. Rochelle kanitazama kupitia kioo huku akila zabibu. Nikamwomba msaada. Akasema yeye alishanisaidia Jumatatu, kwa maneno, bure.

Basi mpango wa nne. Kisichosogea hugeuzwa. Nimechota udongo wote nikautia kwenye mifuko ya taka, nikaificha kabatini kwa Rochelle nyuma ya viatu vya harusi. Nyanya nimezihamishia bafuni, zimesimama chini ya bomba la mvua zikiwa zimefungwa kwa mishipi ya magauni. Juu ya beseni nimelaza mlango wa kabati, juu ya mlango kitambaa cha mezani kinachofika chini, juu ya kitambaa sahani ya biskuti na ua la plastiki.

Meza! Meza ya mstaarabu anayetazama bahari.

Rochelle alirudi kutoka bwawani akitaka kuoga. Sitaandika aliyoyasema. Ameoga kwa Bibi Fefferman na kwa sasa anazungumza na nyanya tu, si na mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Injinia alifika asubuhi. Anaitwa Ketsia Desravines, mwanamke mwenye asili ya Haiti, mwembamba, buti kubwa, nyundo ndogo kiunoni. Kina mama wa bwawani walimzunguka Osvaldo wakamuuliza huyu mpwa wake ni wa upande wa mama au wa baba. Osvaldo akasema hana mpwa. Wakasema jamani, mtu mnyenyekevu kiasi hiki!

Injinia alipofika kwangu, Osvaldo alikuwa ameshashuka kwake kunywa kahawa. Nikampokea injinia kwa heshima zote. Nikamkaribisha mezani. Akakataa kukaa, akaomba samahani, akainua kitambaa.

Akainama, akachungulia chini ya mlango wa kabati.

"Mzee," akasema, "nimekagua majengo mengi. Hii ndiyo meza ya kwanza kuiona yenye kizibo."

Nikamwambia ni mtindo wa Ulaya. Rochelle, ambaye alikuwa hajazungumza na binadamu tangu jana, akasema mtindo wa Ulaya uko bafuni, apite aangalie na majani yake.

Injinia hakucheka. Alipiga magoti akagonga vigae kwa nyundo, kidogo kidogo, sikio likiwa karibu. Karibu na mlango mlio ulikuwa mkali, tin, tin. Kwenye beseni mlio ukabadilika. Bu. Bu. Kama kugonga boga. Akasimama polepole sana akaniambia nitoke roshani na nisirudi. Akauliza nani yuko chini.

Hapo akili yangu ikafanya kazi, kwa namna yake. Niliwaza dari. Niliwaza rangi yangu mbichi na dawa ya meno. Nikawaza kwamba akiitazama dari ile nimekwisha, na kwamba lazima yeye na Osvaldo wakutane mlangoni, siyo roshani, na kwamba kuna njia moja tu ya kumtoa Osvaldo kwenye kiti chake.

Nikamwacha injinia akiwa na Rochelle, nikashuka ngazi mbio. Mlango wa Osvaldo ulikuwa wazi. Nilimwona kule mwisho, kwenye roshani, kwenye kiti chake cha kusukasuka, kikombe mkononi. Nikasimama mlangoni nikavuta pumzi.

"Osvaldo Piñeiro!" nikapaza sauti ghorofa nzima isikie. "Wewe unaiba kwenye domino! Na mkeo alijua!"

Aliruka. Sijawahi kuona mzee akiruka vile. Kikombe kilikwenda huku, kandambili ikaenda kule. Alikuja moja kwa moja ameninyooshea kidole, uso kama nyanya zangu, akipaza sauti kwamba nirudie, nirudie tena, nimtaje Zoraida tena kama mimi ni mwanaume.

"Narudia!" nikasema. Nikarudi nyuma hatua moja.

Alinikamata ukosi wa shati. Injinia alikuwa ndiyo anatokeza kwenye ngazi akituita tusisimame karibu na roshani. Na hapo likaja.

Haukuwa mlio mkubwa. Kama mtu aliyetua gunia. Halafu vumbi.

Tuligeuka wote. Kiti cha kusukasuka hakikuwepo. Palikuwa na kipande cha zege, kipana kama mito miwili ya kulalia, na chini yake vijiti. Juu, nondo nyekundu zinaning'inia. Na upepo wa bahari ukatuletea, ndani ya lile vumbi, harufu safi ya mnanaa.

Osvaldo aliniachia ukosi. Akakitazama kiti. Akanitazama.

"Uliniita," akasema. "Irwin, ndugu yangu. Umeniita."

Akaniangukia kifuani akalia. Mtu mzima, daktari, mwenyekiti. Nilimshikilia. Nilitaka kusema kitu. Kweli nilitaka. Badala yake nikampangusa vumbi mgongoni.

Injinia alikuwa ameinama, anasugua kipande cha zege kwa kidole na kukinusa. Akauliza, kwa sauti ya chini mno, nani aliyeziba hapa. Akasema ufa ule ulikuwa unapiga kelele miaka mingi na kuna mtu ameuziba mdomo.

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na doa la rangi nyeupe.

"Mimi," akasema Osvaldo.

Injinia akamtazama. Akanitazama mimi. Akatazama viatu. Akamwambia Osvaldo kwamba mtu aliyesomea meno angejua zaidi. Osvaldo akajibu ndiyo, binti, ni aibu kubwa, nimezeeka.

Jumamosi, 15 Machi

Roshani zote za upande wetu zimefungwa. Mafundi wamesimamisha nguzo za chuma kutoka chini hadi juu, jengo linaonekana kama mgonjwa mwenye magongo. Injinia kasema ukaguzi sasa unaingia hatua ya pili: watachimba, watapima, watajua ugonjwa umefika wapi. Kasema maji yakikaa juu ya zege yanapenya taratibu, nondo zinapata kutu, kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kasema watu wa jengo zima wangeweza kuishi na ugonjwa huo bila kujua. Alisema hayo mbele ya watu wote lakini alikuwa ananitazama mimi.

Beseni limeshushwa kwa winchi. Watu walitoka kuangalia. Bibi Fefferman alipiga picha. Likazunguka angani polepole na miguu yake ya simba, maji yakidondoka kwenye kizibo.

Mimi ni shujaa. Bwawani wananisogezea kiti. Wanasema nilisikia zege likilia, nikakimbia. Wanasema nilimtukana Osvaldo makusudi kwa kuwa nilijua hakuna kingine kitakachomwinua. Kwa hilo la mwisho hawajakosea sana. Nimekula keki ya jibini, kipande kikubwa.

Mchana nilimkuta Rochelle amesimama kwenye mlango wa kioo wa roshani akitazama pale beseni lilipokuwa. Akaniuliza kama Jumatano Osvaldo alikuwa amekaa chini ya ufa wakati nabandua vipande kwa bisibisi. Nikasema nilimwambia aingie ndani, rangi isimdondokee. Akasema, "Rangi, Irwin." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Tukakaa hivyo.

Jumapili, 16 Machi

Osvaldo kapanda na chupa ya ramu na domino. Kaniuliza kwanza kama kweli nadhani anaiba. Nikasema hapana. Akasema Zoraida alikuwa anasema hivyo hivyo kila Jumapili, kwa hiyo niliposema alijua, alidhani kuna mtu kaniambia.

Tukacheza. Akashinda. Nadhani aliiba.

Katikati ya mchezo, bila kuinua macho, akaniambia anajua. Akasema boksi la mwisho la dawa ya meno nililiacha wazi kwenye sinki. Akasema katika maisha yake ya kazi ameona uzembe mwingi, lakini hajawahi kuona mtu aliyeziba jino lililooza bila kulisafisha, kisha akalipaka rangi.

Nikamuuliza kwa nini basi alinikingia kifua.

Akapanga vipande vyake taratibu. Akasema siku ile nilipoingia na brashi alifurahi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na hakupenda mtu aseme furaha ile ilikuwa dawa ya meno. Akasema pia kwamba, mbaya au nzuri, sauti iliyomwita ilikuwa yangu. Kisha akaniambia nicheze, zamu yangu, nisimchoshe na machozi.

Sikuwa nalia. Ramu ilikuwa kali.

Nimejiapiza usiku huu kwa dhati ya moyo. Hakuna tena ujanja. Kuanzia sasa mimi ni mtu wa sheria, mtu wa usalama, mtu wa zege kavu.

Alhamisi, 27 Machi

Siku kuu! Mkutano wa wenye nyumba. Osvaldo mwenyewe amenipendekeza niwe katika kamati ya usalama wa jengo. Mikono yote juu. Bibi Fefferman aliinua miwili. Injinia Desravines, aliyekuja kutoa taarifa, aliomba iandikwe kwamba yeye hakushauriwa. Watu wakacheka. Ana ucheshi wake.

Nilitoa hotuba. Nilisema usalama ni jukumu la kila mmoja wetu, na kwamba jicho la mwenye nyumba lazima lifike kila kona. Wakapiga makofi. Rochelle alikuwa ameufunika uso kwa mkoba, nadhani kwa hisia.

Kama mjumbe wa kamati nimekabidhiwa ufunguo wa paa. Nimepanda jioni kufanya ukaguzi wangu wa kwanza. Sijawahi kufika huko. Ajabu! Ni tambarare. Ni pana. Jua kutwa nzima, upepo, na hakuna mtu, wala hakuna roshani ya mtu chini yake, ni jengo tu. Kuna hata bomba la maji kwenye kona, halitumiki, linasikitisha.

Nimepima kwa hatua zangu. Lingekaa bwawa dogo la samaki. Dogo tu. Wale wa Kijapani, wekundu na weupe, wanaoishi miaka mingi na kumjua bwana wao. Maji kiasi, mawe machache, benchi la saruji la kukalia.

Rochelle kaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Nimemwambia nalinda jengo.